Kichwa Hakiliwi

Aliyesema chini ya ardhi kuna kimya hakuwahi kutega sikio. Chini kuna watu, na penye watu pana maneno, na penye maneno Somoe hajawahi kupita bila kusimama. Ndicho kilichomponza. Wako walioponzwa na tamaa, wako walioponzwa na mapenzi. Yeye aliponzwa na umbea, tena umbea wa nyumba asiyoijua, wakisengenywa watu asiowafahamu hata kwa kivuli.

Alikuwa shimoni anachimba ming'oko. Mvua ziligoma, ghalani wamebaki panya wenye aibu, na ukame ukifika hapo watu wa kwao hurudi porini kwa vile viazi vyembamba visivyopandwa na mtu. Mng'oko una adabu zake. Juu unaona kamba tu, kijimmea kinachotambaa, hata kivuli hakina. Chini kuna kichwa, kigumu, kimejaa nyuzi, na kutoka kwenye hicho kichwa viazi vinashuka kama vidole kutoka kiganjani. Unavifuata, havikufuati. Vidole vinaliwa. Kichwa hakiliwi, kinarudishwa shimoni na kamba yake, kinafukiwa, kinaambiwa neno, ili mwakani kizae tena. Mtoto wa kwao hulijua hilo kabla hajalijua jina la babu yake.

Tena hakuna anayechimba peke yake. Mmoja anashuka, mwenzake anabaki juu kaishika kamba, na kazi ya huyu wa juu si kulinda wala kuzoa udongo. Kazi yake ni kupiga soga. Anasema, wa chini anaitika. Eee. Ehe. Wacha wee. Maana shimo refu lina usingizi wake, na mtu akiacha kuitika, wanasema, shimo linasahau kwamba yeye ni mgeni.

Siku ile aliyeishika kamba alikuwa wifi yake, Tabu, na Tabu kwa habari hajambo. Alikuwa anamsimulia ya bwana mmoja wa mtaa wa pili aliyeoa mke mwingine kwa siri, akamleta nyumbani mchana kweupe, akamwambia mke mkubwa kwamba huyu ni mpangaji. Mke mkubwa akampa mpangaji chumba, akampa ufunguo, akampa na ufagio wa uwanja. Somoe huku chini anacheka, anachimba, anaitika, ila moyo wake una haraka, kwa kuwa nyumbani Mwaija alikuwa ndani.

Mwaija ni binti yake, wa pekee. Alikuwa amefikia umri wa kuwekwa ndani, akawekwa kama wanavyowekwa wote: chumba cha giza, mlango umefungwa, manjano yametwangwa na kupakwa usoni na shingoni mpaka mto wake wa kulalia nao ukawa wa njano, chakula kinapitishwa uwazini, jua halimwoni. Na kwao mlango wa mwali una mkono mmoja. Aliyeufunga ndiye anayeufungua, na anayeufunga ni mama. Somoe aliufunga mwenyewe, akamwambia mtoto kwamba anakwenda kuchimba vya karamu ya kumtoa, akirudi anafungua. Mwaija akauliza kutoka gizani, "Na usiporudi?" Somoe akacheka. Nani asiyerudi kutoka porini, porini penyewe panaonekana kutoka jikoni?

Ndipo aliposikia wanacheka. Chini ya kiazi cha mwisho, nyuma ya udongo mwembamba kama ngozi ya kitunguu, palikuwa na sauti za nyumba iliyojaa: vyombo, vikohozi, mtu anaambiwa sogea, na mwanamke mmoja anasema kwa sauti ile ya kushusha, ile inayomfanya hata kiziwi ageuze shingo, "Na kumbe muda wote alikuwa anajua." Nani alikuwa anajua? Alikuwa anajua nini? Somoe akaweka sikio. Juu, Tabu alikuwa amefika penyewe. "Wifi, unajua mke mkubwa alimjibu nini?" Hapo ndipo pa kuitika. Somoe akasema moyoni, ngoja kidogo.

Hakuitika.

*

Watu hupenda kusema alianguka. Hakuanguka, alikaribishwa. Walimsogezea nafasi, wakampangusa udongo, wakamuuliza habari za huko atokako bila kusubiri jibu, na alipoketi aliona amekaa kati ya watu wawili wenye mabega ya joto, kama amekaa hapo tangu zamani. Nyumba ilikuwa ya vyumba virefu vilivyoning'inia kuelekea chini, kila kimoja kimejaa. Kuta zake zilikuwa nyeupe, zenye majimaji, na ukiona njaa unalamba ukuta. Mtamu. Juu ya vyumba vyote palikuwa na kijichumba kimoja kigumu, kuta zake nyuzi tupu, na humo aliishi Bi Siwema, mwenye nyumba, karibu kabisa na pale kamba ilipoingia kutoka duniani.

Kule hakuna asubuhi wala magharibi. Kuna kunenepa. Mtu akitaka kusema zamani husema, nilipokuwa mwembamba. Majina nayo hayakai. Yanaazimwa kama kanga, leo unaitwa hili, kesho limevaliwa na jirani, na hakuna anayegomba. Somoe alijikuta anasimulia kisa cha bibi aliyekaa kushoto kwake kama kisa chake mwenyewe, na bibi anaitikia, analia panapostahili. Lilikuwa jambo tamu. Maisha yake yote alikuwa ametamani nyumba ya namna hii, isiyofungwa maneno, isiyoishiwa wageni. Alikuwa ameipata, na mlango hakuuona.

Kisha akaitwa.

Ilikuwa sauti ya Tabu, mbali, imechakaa kwa kupita kwenye udongo. Wifi. Wifi, unanisikia? Nyuma ya shingo ya Somoe kitu kikavimba, cha moto kidogo, kama jicho la kiazi linapoamka gunia likikaa karibu na moto. Kikageukia ilikotoka sauti. Somoe mzima akaanza kukifuata, akafumbua kinywa aitike, na hapo Bi Siwema alikuwa ameshashuka. Alikuwa na mikono ya upole kuliko mikono yote aliyowahi kuguswa nayo.

"Umechipua, mwanangu," alisema. "Tulia nikutoe."

Akakivunja kwa ukucha wa kidole gumba. Haikuuma. Sauti ikakatika kama uzi. Bi Siwema akaeleza, kwa ile subira ya mtu aliyeeleza sana, kwamba anayechipua hunyauka. Anajikamua mwenyewe kulisha chipukizi, anabaki ganda na mikunjo, na huko juu haijulikani kama atafika. Somoe alijua kwamba ni kweli. Nyumbani yeye mwenyewe hupitia viazi vyake vya gunia, anavivunja macho kimoja kimoja na kuvirudisha gizani, visinyauke, visiote ukijani, visiwe vichungu. Alikitambua kile kidole gumba. Kilikuwa kama chake.

*

Nani anamhifadhi nani? Somoe aliligeuza swali hili kama mtu anavyokigeuza kiazi mkononi kutafuta pa kuanzia kumenya. Huko juu kamba ilikuwa imekauka, haina jani hata la dawa. Ukiitazama utasema imekufa. Haikufa. Ilikuwa inasubiri mvua, na kwa kusubiri ilikuwa inawala wao, kidogo kidogo, kwa adabu. Kumbe wao ndio akiba yake. Waliambiwa nyumba imejengwa kwa ajili yao, ukuta mtamu kwa ajili yao, giza kwa ajili ya ngozi zao, wakashukuru, na akiba yoyote haiulizwi imewekewa nani. Muhogo unaoanikwa juani uwe makopa hauulizwi. Tangawizi inayopondwa kwa mafua ya mtu mwingine haiulizwi. Gimbi linalolala kwenye tui halijui tui limekunwa kwa ajili ya mgeni gani. Na manjano. Hapo Somoe aliguswa. Manjano yalitolewa gizani, yakatwangwa, akapakwa mtoto, mtoto akawekwa gizani. Nilimhifadhi. Nilimhifadhia nani? Nilisema asinyauke. Nilisema jua lisimwone. Nilisema kwa upole, kwa mikono ya upole kuliko mikono yote. Naye ananisubiri, maana mlango una mkono mmoja, na huo mkono huu hapa, mnene, mweupe, unalamba ukuta.

Alijaribu kuwaambia wenzake. Walimsikiliza vizuri sana, wakakifanya kisa, kikazunguka vyumba vyote, na kilipomrudia kilikuwa kimenoga kupita kiasi na hakina Mwaija ndani yake.

Aliyemwelewa alikuwa mmoja tu, Chitanda, mwanamume mkavu wa chumba cha pembeni aliyekuwa na utani na kila mtu bila urafiki na yeyote. Chitanda alikuwa ameshajua kwamba siku moja jembe litakuja, na alikuwa ameshajiamulia. Alikataa kulamba ukuta. Alijilisha kinyongo, kumbukumbu mbaya, maneno makali, ili awe mchungu.

"Nguruwe akimng'ata mtamu anammaliza," alimwambia. "Akimng'ata mchungu anamtema. Mimi, dada, nitatemwa. Nitakuwa huru kwa kutemwa."

Somoe alimwonea huruma. Kwao kuna ndiga, kiazi cha porini kinachoua mtu akikila kibichi. Nguruwe wanakijua, nyani wanakijua. Lakini mwaka wa njaa kama ule, wanawake hukikata vipande vyembamba, wakavitia kwenye kikapu, wakakiwekea jiwe juu ndani ya maji yaendayo, mpaka uchungu wenyewe uchoke.

"Kaka," alisema, "watu wana mto."

Chitanda akauliza kama huchukua muda mrefu.

"Inategemea na njaa."

*

Basi Somoe akafanya alichokuwa anakijua. Mtu asiye na ufunguo hujipendekeza kwa aliye karibu na mlango. Mtaani ndivyo nyumba zinavyoingiwa na ndivyo zinavyotokwa. Akawa anapanda kwa Bi Siwema kila aliponenepa kidogo, anampelekea habari za vyumba vya chini, nani kachipua nani anaficha. Ndiyo, aliwasema wenzake. Alikuwa anakinunua kile kijichumba kwa macho ya watu. Na kila alipopanda alikiangalia kipande cha kamba kilichoingia darini, akakadiria. Hapa ndipo. Mwenye kukaa hapa, kamba ikitikisika tu, yeye ndiye wa kwanza kutoka.

"Unataka kukaa karibu na mlango," Bi Siwema alimwambia siku moja, bila kugeuka.

"Nina mtoto nimemfungia."

"Wote waliokuja hapa wana mtu wamemfungia mahali."

Somoe akamuuliza, naye bibi alimfungia nani. Bi Siwema alipapasa ukuta kama anayetafuta kitasa.

"Jina limeniponyoka," alisema. "Nakumbuka mlango tu. Ulikuwa na msumari mmoja umepinda."

Ndipo jembe likasikika.

Lilisikika kwa wote kwa pamoja, kishindo, kimya, kishindo. Vyumba vya chini vilipiga kigelegele. Tunatoka, walisema, tumekumbukwa, na waliokuwa wakilia walikuwa wakilia kwa furaha au walifikiri hivyo. Bi Siwema aliinuka. Somoe alijiandaa kushindana naye kwa ile kamba, kwa mabega, kwa meno ikibidi, lakini bibi mwenyewe aliikamata ncha yake, akaiweka kwenye kiganja cha Somoe na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Shika wewe. Mimi nimechoka kubaki."

Akateremka kuelekea kelele za watu, mbio, kama msichana aliyeitwa ngomani.

Somoe alikuwa na pumzi kidogo ya kujiona mshindi. Kisha kisu kikapita chini ya miguu yake, na vyumba vikakatika kutoka kwake kimoja kimoja, na kila kimoja kiliondoka na vicheko vyake. Alimsikia Chitanda akiuliza kama mto uko mbali. Halafu vidole vikamnyanyua yeye, juu, mwangani, mwanga mwingi usiobagua, na pumzi ya mtu ikampuliza udongo usoni. Aliijua pumzi hiyo. Ilikuwa na karafuu. Tabu alitafuna karafuu tangu usichana.

Wifi, alisema Somoe. Eee, wifi. Nimeitika. Ehe. Eee.

Tabu aliona kichwa cha mng'oko kimejaa nyuzi, kimeshikamana na kamba yake. Alikigeuza, akaridhika nacho. Huku anapanua shimo alikuwa anasema peke yake, kwa sauti ya mtu aliyekosa wa kumwitikia. Kwamba nyumbani kuna msiba usiojulikana ni msiba. Kwamba mtoto bado yumo chumbani, kagoma kula, anasema atafunguliwa na aliyemfunga, na yeye Tabu ana mikono miwili lakini hakuna wa mama yake hata mmoja. Kisha akamrudisha Somoe shimoni, wima, kwa heshima zote, akalisema neno wanalolisema kwa vichwa.

"Kaa, utuzalie. Tukija tukukute."

Akamfukia. Akapigapiga udongo juu yake taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Somoe alikuwa amepanda mpaka kwenye chumba cha mlangoni, na hicho ndicho chumba pekee kisichotolewa nje.

*

Nyumba tupu ina sauti. Somoe hakuwa amewahi kuijua. Alijisemesha akajiitikia. Alijisimulia ya mpangaji na ufagio mpaka pale ilipokatika, akaanza upya, akafika palepale. Mke mkubwa alimjibu nini? Alitunga majibu, yote mabaya. Mikono yake ikaota nyuzi. Ngozi ikawa ngumu, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia, shoga, umekonda.

Mvua ikaja. Aliisikia kama watu wanaokimbia darini. Kamba ikaamka mkononi mwake, ikamnyonya mpaka akaona kiza ndani ya kiza, halafu ikageuza, ikaanza kumrudishia, na mbavuni pake vikachomoza vyumba, vyembamba kwanza, kisha virefu, kuta nyeupe, tamu. Na siku moja, kama kule kuna siku, mtu alikohoa chumbani chini. Somoe alilia. Sogeeni, aliwaambia walipoanza kuingia, sogeeni mwingine apate, hapa ni kwenu, jambo gani jipya huko? Walijaa. Akawajua kwa visa vyao. Akawa na nyumba.

Wa kwanza kuchipua alikuwa mzee mmoja mpole, anaitwa na mtu wake huko juu. Somoe hakukusudia. Kidole gumba kiliinuka chenyewe. Tulia nikutoe, alisema, na alipoisikia sauti yake ikiwa na upole ule, alimwelewa Bi Siwema tangu unyayo mpaka utosi. Hakuwa akiwalinda kwa ajili ya kamba, wala kwa ajili ya walio juu. Huenda kila mlinzi wa mlango ni mtu aliyewahi kuachwa nyuma, akaiita hofu yake huruma, kwa kuwa ukiiita kwa jina lake hutashika kazi. Alijua hivyo, na wa pili alipochipua alimvunja. Na wa tatu. Hakuacha kumvunja yeyote.

Kisha akaja mwanamke.

Alikuja kama wanavyokuja, udongo kwenye kucha, kicheko kinywani, anasema alikuwa anachimba akasikia watu wanasengenyana, akaona atege sikio kidogo. Alikuwa mtu mzima, nywele zimeanza kuchanganyika. Vyumba vyote vilimpenda papo hapo. Alikaa chini ya kijichumba cha Somoe, akageuza shingo kumcheka mtu, na nyuma ya sikio lake, pale maji yasipofika mtu akioga kwa haraka, palikuwa na alama ndogo ya njano.

Somoe alimuuliza habari za kwao, kwa sauti ya mwenye nyumba anayeuliza kila mgeni. Mwanamke alisimulia vizuri. Alikuwa na ulimi, aliurithi. Alisema mama yake alimfungia ndani, akaenda kuchimba, hakurudi.

"Nani alikufungulia?"

"Hakuna. Niliuvunja kwa mchi, uleule wa kutwangia manjano. Shangazi analilia mila, mimi nalilia jua." Akacheka. "Na sasa nina mtoto wangu. Namwambia shangazi, huyu hafungiwi mahali. Yuko uwanjani na wenzake, mlango wetu hauna hata komeo. Nimemwambia narudi sasa hivi."

Vyumba vilicheka naye. Somoe hakucheka. Alikuwa anahesabu moyoni furaha ambayo hakuthubutu kuionyesha: mwanawe, chini ya paa lake, asiyefungiwa na mtu, aliyekuja mwenyewe. Nyumba imejaa hatimaye, kweli kweli imejaa. Neno moja tu lingetosha. Mimi ndiye. Na Mwaija asingeondoka tena, nani angemwacha mama aliyemkosa maisha yote?

Ndipo juu, mbali, sauti ya kizee, isiyo na meno lakini mdomo mzima, ikaendelea na kisa chake. Basi mke mkubwa akamwambia yule mpangaji, mwenzangu, chumba nimekupa, mume sikukupa, huyo umempanga mwenyewe, kwa hiyo tufagie zamu. Kimya. Kisha ikauliza. Mwaija? Unanisikia, mwanangu?

Shingoni mwa Mwaija kitu kilivimba, kikageuka.

Kidole gumba cha Somoe kiliinuka. Alikitazama kikipanda, kimejaa upole. Akaukamata mkono huo kwa mkono mwingine, akaushusha, akauweka chini yake na kuukalia kwa uzito wake wote. Ulimi ulibaki. Ulimi ule haukuwahi kuzuia kitu, haukuwahi kupitwa na habari bila kuiweka mezani, na hii ndiyo iliyokuwa habari kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Akaubana kwa meno mpaka akaonja udongo.

"Mama, mbona umenyamaza ghafla," Mwaija alimuuliza. "Hata jina hujanitajia."

"Mwanangu," alisema, kama mwanamke yeyote mtu mzima anavyomwita yeyote aliye mdogo kwake, "unaitwa huko juu. Itika."